Rudia Hapo

Juzi usiku binti yangu alishusha kitabu chake cha hadithi kifuani, akaniuliza, "Mama, kwa nini babu wa kwenye hadithi lazima aanze kwa kuwa mkali?"

Badala ya jibu, nikasikia bakora ikigonga ukuta.

Enzi hizo nilikuwa mwanafunzi, najiandaa kwa mtihani. Kitabu kilikuwa Silas Marner cha George Eliot, cha mwaka 1861, nami nilikisoma kwa sauti kwa sababu maneno yasiposikika hayanikai kichwani. Nyuma ya ukuta aliishi mzee tuliyemkwepa sote. Salamu haitikii. Mpira ukiangukia kwake, haurudi. Akigonga, mama hunyoosha kidole mdomoni, nami nanyamaza.

Usiku mmoja akagonga wakati nimeshanyamaza. Asubuhi nikamkuta amesimama mlangoni pake.

"Wewe binti. Jana umeishia wapi?"

Nikaanza kuomba radhi kwa kelele.

"Sikuulizi kelele. Nakuuliza, dhahabu yake imepatikana?"

Ndivyo nilivyoingia kwake. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba herufi zilimpotea kabisa. Hakuna aliyelijua hilo, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Jioni hadi jioni nilimsomea, naye alinikaripia kila nilipoharakisha.

Hadi tukafika pale. Silas ni mfumaji. Watu wa kanisa lake walimsingizia wizi, akahamia kijiji cha mbali na kuishi peke yake miaka 15, akihesabu dhahabu yake usiku, kisha dhahabu nayo ikaibiwa. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, kitoto cha kike kinaingia kwake kikifuata mwanga wa moto. Silas haoni mbali. Anaona kitu cha rangi ya dhahabu mbele ya meko, moyo unamwenda mbio, anadhani mali yake imerudi. Ananyoosha mkono. Vidole vinakuta nywele, laini, zina joto.

"Rudia hapo," mzee akasema.

Nikarudia. Mkono wake ulikuwa umeiacha bakora, umesimama hewani juu ya goti, vidole vimefunguka kidogo, kama mtu anayepapasa gizani asitake kuangusha kitu.

"Rudia."

Mara ya tatu sauti yangu ilianza kutetemeka. Bakora ilikuwa imeteleza hadi sakafuni na hakuna aliyeiokota. Mzee hakulia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema polepole, "Wanamwita mkali. Huyu si mkali. Huyu kaibiwa mara mbili."

Sikumuuliza yeye aliibiwa nini. Nafasi ilikuwapo, nadhani hata aliniachia. Nikafungua ukurasa uliofuata.

Tulikimaliza kitabu, nikafaulu, nikaenda kusoma mbali. Niliporudi, nyumba ile ilikuwa na watu wengine.

Tangu hapo nazifuata sana hadithi za wazee wa aina hii, na nazipenda kwa moyo wote. Scrooge wa Charles Dickens, wa mwaka 1843, hufuatwa na mizimu hadi chumbani. Ove wa Fredrik Backman, wa mwaka 2012, anapata jirani mpya, mama mjamzito asiyekubali kufungiwa mlango. Katika hadithi hizo, kwa kawaida mgeni ndiye anayebisha hodi. Kwetu mzee ndiye aliyebisha, kwa bakora, na sijui ni mara ngapi alibisha nikadhani ananifukuza. Huenda zile za mwanzo kweli zilikuwa hasira. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na kila mara nafika mahali tofauti.

Binti yangu alikuwa bado ananitazama, anasubiri. Nikasogea, nikakaa kitandani pake.

"Hebu anza tena ule ukurasa wa kwanza," nikamwambia. "Kwa sauti."