Zote ni nguvu: jinsi daftari la binti yangu lilivyonipunguzia tokeni za stima

Binti yangu yuko kidato cha pili. Jioni moja alinijia na daftari la fizikia, anataka tofauti ya fosi, eneji na pawa. Nilikuwa napiga pasi sare za mteja, nikamjibu bila kuinua kichwa: zote ni nguvu. Akacheka. "Mama, nikiandika hivyo napata sufuri."

Iliniuma kidogo, maana fizikia niliiacha shuleni na alama ambazo sizitaji. Lakini nilipotulia niliona kilichonisumbua miaka yote ni hilo neno moja. Hapa kwetu Kawangware, Nairobi, hamali ana nguvu, uji unatia nguvu, stima ina nguvu, hata dawa ya mende ina nguvu. Tukaamua kuligawa: fosi iwe kani, eneji iwe nishati, na pawa ibaki pawa.

Kani tuliikuta kwenye matatu. Ni kule kusukuma au kuvuta, basi. Dereva alikanyaga breki ghafla karibu na jengo la maduka la Yaya, nikagonga kiti cha mbele. Nikasema nimesukumwa. Binti akanikatalia: hakuna aliyekusukuma, mama, gari ndilo lililosimamishwa na wewe ukaendelea na safari yako. Hiyo ndiyo inersia. Kani iliyonigusa mimi ni ya kile kiti, kiliponizuia.

Nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, ilitutoa jasho. Hupimwa kwa jouli, na kuinua kilo 1 kwenda juu mita 1 kunataka kama jouli 10. Kwa hiyo gunia la kilo 50 likipandishwa mita 2 ni jouli 1,000 hivi. Hamali akisimama tu na gunia mgongoni akingoja chenji, fizikia inasema hafanyii gunia kazi yoyote, kwa sababu halisogei. Jaribu kumwambia hivyo pale soko la Marikiti uone.

Halafu binti akapiga hesabu ya yuniti moja ya stima, yaani kilowati-saa 1. Ni jouli 3,600,000. Gunia lile lile, mita zile zile 2, mara 3,600! Niliketi. Sikuwahi kulalamikia bei ya tokeni kwa moyo ule ule tena, ingawa bado nalalamika.

Pawa ndiyo iliyonilipa. Pawa ni nishati inatumika kwa haraka gani: wati 1 ni jouli 1 kila sekunde. Tukageuza vyombo vyangu kutazama vibandiko. Mota ya cherehani, wati 100. Pasi, wati 1,200. Mimi siku zote nilishuku cherehani, kwa vile ndiyo inayonguruma kutwa, hata nilikuwa naizima kila nikipokea simu. Kumbe cherehani ingehitaji saa 10 kumaliza yuniti moja, na pasi ikiwaka mfululizo ni dakika 50 tu. Kweli pasi hujizima ikishapata moto, lakini ikipoa huwaka tena yenyewe, na mimi nilikuwa naiacha kwenye soketi tangu asubuhi, ati nisisubiri ipate moto kila nikimaliza vazi.

Sasa nguo zinakusanywa kwenye beseni, nazipiga pasi zote mara moja saa kumi jioni, kisha nachomoa. Tokeni za shilingi 500 zilizokuwa zikinifikisha siku tisa sasa zinagonga kumi na tatu. Mteja mwenye haraka ananuna, nampa kiti.

Juzi binti amerudi na jingine: sukari ya kilo 1 eti uzito wake si kilo 1, ni nyutoni 9.8 (nyutoni ni kipimo cha kani), na ikipelekwa mwezini itakuwa sukari ile ile lakini uzito nyutoni 1.6 tu. Nimemwambia asubiri nimalize beseni.