Upepo unatoka wapi?

Binti wa mamangu mdogo, wa Ukunda, amepata nafasi ya chuo Marekani, na wiki nzima hii ananitumia picha za makoti. "Dada, hili litatosha?" Namuuliza chuo kiko jimbo gani. Ananiambia bado hajaamua, viko viwili, lakini dada, si baridi ni baridi tu? Nilicheka peke yangu jikoni. Mimi pia nilikuja na wazo hilohilo, na koti moja la mtumba kutoka Kongowea.

Mume wangu ni Mkenya aliyejiunga na jeshi la Marekani, na jeshi halikuulizi unapenda kuishi wapi. Mwaka 2014 lilitupeleka Fort Drum, kaskazini mwa jimbo la New York. Baadaye Fort Carson, Colorado. Mwaka 2019 likatuleta Fort Wainwright, hapa Fairbanks, Alaska. Kote huko theluji. Na kila tulipohama, ujanja niliotoka nao kule uliniponza huku.

Fort Drum iko jirani na mji wa Watertown, mashariki mwa Ziwa Ontario. Wakati ule kila aliyenipigia simu kutoka nyumbani aliuliza baridi imefika nyuzi ngapi. Baba peke yake, mvuvi wa Gazi, aliuliza, "Upepo unatoka wapi?" Nikadhani ni mazoea ya bahari tu. Kumbe kule ndilo swali la kuuliza. Upepo wa baridi unatoka magharibi, unapita juu ya maji ya ziwa ambayo bado yana vuguvugu la kiangazi, unajibebea unyevu, kisha ukifika nchi kavu na kuanza kuipanda nyanda ya Tug Hill unautua mzigo wote. Ziwa Erie, jirani yake, halina kina, likiganda vizuri theluji yake hupungua. Ontario ni refu kwenda chini, ni nadra kuganda lote, basi hata Februari bado linawamwagia. Juu ya Tug Hill huanguka zaidi ya mita 5 za theluji kwa mwaka.

Na haiji kama mvua ya masika inayofunika pwani nzima. Inakuja kwa ukanda mwembamba. Unatoka dukani jua linawaka, ukiendesha dakika kumi huoni hata boneti ya gari lako.

Jirani yetu, bibi mmoja mfupi mwenye nguvu za hamali, ndiye aliyenifunza beleshi. Usingoje iishe kuanguka, toka kila baada ya saa chache. Isukume, usiinue. Ukilazimika kuinua, magoti ndiyo yabebe, si mgongo. Na mdomo wa njia ya gari uuache mwisho kabisa, maana greda la manispaa likipita linakurudishia ukuta wa theluji iliyoshindiliwa, nzito kama saruji mbichi. Hilo la mwisho sikulisikia. Asubuhi moja nilisafisha kila kitu, nikaingia ndani kunywa chai kwa furaha, greda likapita, nikakuta gari limefungiwa ndani upya. Nililia, kusema kweli. Bibi akaja na beleshi lake bila kusema neno.

Basi nikafika Colorado Springs, mji wa jirani na Fort Carson, nikiwa mtaalamu. Theluji ya kwanza iliponyesha nilikuwa nje saa kumi na moja alfajiri nikisukuma kama nimelipwa. Jirani wa kule alinitazama kwenye dirisha akiwa na kikombe mkononi. Baadaye akaniambia kwa upole, kesho jua litaiondoa bure. Na kweli. Mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, jua kali hata Januari; theluji ya Jumatatu, Jumatano unaona nyasi. Kitu cha kujikinga nacho kule kilikuwa miwani ya jua na mafuta ya kupaka uso, maana mwanga unarudi kutoka chini pia. Mimi mtu mweusi wa Kwale nikababuka pua kwa jua la kwenye theluji. Nani nyumbani angeniamini?

Nikazoea uvivu. Beleshi likaota vumbi. Halafu Machi 13, 2019, wakati watu wameanza kuzungumzia maua, ikaja dhoruba ya upepo uliopita kilomita 150 kwa saa pale uwanja wa ndege wa mji. Mamia ya magari yalikwama barabarani. Mimi nilikuwa mmoja wao, nikitoka kazini, bila blanketi, bila chakula, simu imebaki na chaji kidogo, kwa sababu si jua litaiondoa? Nilikaa ndani ya gari saa sita. Kila nilipotaka kuwasha hita nilikumbuka yale ya bibi wa Watertown: kwanza toka ukafukue bomba la ekzosi, moshi usije ukakuua ndani. Tangu siku ile buti ya gari langu ina blanketi, tochi, tende na maji.

Fairbanks sasa. Hapa theluji yenyewe si nyingi, ukilinganisha na Tug Hill ni mchezo wa watoto. Lakini ikianguka Oktoba inakaa mpaka Aprili, nyepesi na kavu, imetulia juu ya matawi miezi kwa miezi kwa kuwa hakuna upepo wa kuipeperusha. Nilipomwambia Baba kwamba huku hakuna upepo, alinyamaza kidogo. "Shwari ya siku ngapi?" Wiki nzima wakati mwingine. "Basi hapo ndipo pabaya," akasema. Sijui mvuvi wa Gazi alijuaje. Baridi ni nzito, na bila upepo wa kuikoroga inateremka na kutuama bondeni, mjini. Wanaoishi vilimani wana joto kutushinda sisi wa chini, mara nyingine kwa nyuzi kumi au zaidi.

Inapofika 40 chini ya sifuri (hapo kipimo cha Wamarekani na chetu vinakutana, huna haja ya hesabu) mvuke wa magari na mabomba ya moshi unaganda hewani ukawa ukungu. Tairi zinakuwa bapa pale zilipokanyaga usiku. Zinagonga gup gup mpaka zipate joto. Gari lina waya na plagi imening'inia mbele, unalichomeka kwenye umeme lisigande injini. Nimeshaondoka na waya wa ekstensheni ukiburuta nyuma yangu hadi kazini. Wenzangu hawakushangaa hata kidogo.

Ujanja wangu wa New York ulinigharimu hapa pia. Kule nilivaa soksi mbili nzito ndani ya buti linalobana, nikaona sawa. Hapa vidole viwili vilikufa ganzi vikawa vyeupe kama nta, kwa sababu mguu uliobanwa haupitishi damu vizuri. Sasa nanunua buti kubwa kuliko mguu wangu, soksi moja ya sufu, na sitoki nikiwa na jasho.

Theluji ya Desemba 2021 hata sisemi. Mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda barabarani, na ile barafu tuliishi nayo mpaka machipuko.

Lakini baridi unaivalia nguo. Giza unalivalia nini? Desemba 21 jua linachomoza saa tano kasoro kidogo na kuzama kabla ya saa tisa mchana. Saa za Kiswahili zimejengwa kwa jua la kwetu, linalotoka saa kumi na mbili bila kukosa. Mwanangu ninayemfundisha saa aliniuliza kwa nini saa moja asubuhi inaitwa asubuhi. Nilikosa jibu. Kwa udhu mmoja naswali adhuhuri, alasiri na magharibi, udhu haujavunjika. Nina taa kali mezani ninayokaa mbele yake nusu saa kila asubuhi, namimina vitamini D kama njugu, na mchana nikipata dakika kumi natoka tu nikasimame juani, hata kama jua lenyewe halipashi. Mwaka wa kwanza sikufanya lolote kati ya hayo. Nililala tu, nikadhani ni uchovu wa kuhama.

Kwa hiyo mdogo wangu, koti tutalizungumza ukishaamua chuo.

Majira haya sisi na Gazi tumeachana saa kumi na mbili kamili. Saa tatu yangu ya asubuhi ni saa tatu ya usiku ya Baba, kote giza, kila mmoja na taa yake. Leo alipokea simu ikilia mara ya kwanza tu.

"Upepo?"

"Shwari, Baba. Siku ya nne."

"Basi usitoke kama huna shughuli," akasema, kisha akaanza kunihesabia bei ya samaki.