Tani Sita Juu ya Boriti

Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, jumba lenyewe la mwaka 1883 likiwa kwenye matengenezo, Mji Mkongwe mzima wa Zanzibar uliingiwa na hofu. Kila aliyekuwa na ufa ukutani alianza kuutazama upya. Mimi ni mhandisi wa majengo, na simu nilipigiwa nyingi miezi ile. Wenye nia ya kulipa walikuwa wachache.

Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara aliyerudi kutoka Maskati, mrithi wa nyumba ya ghorofa mbili huko Mkunazini. Alitaka mkahawa wa wageni juu ya paa, pamoja na matangi matatu ya maji, kila moja lita 2,000. Ramani alikwishachorewa na kijana mmoja kwa bei ya kutupa. Kilichobaki ni saini na muhuri wa mhandisi, faili lipate kwenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

"Wewe tia saini tu, injinia. Nyumba hii ina zaidi ya miaka mia na haijatikisika."

Hoja hiyo tunaisikia kila siku, na haina ujinga ndani yake. Nyumba kweli imesimama, lakini imesimama na mzigo wake wa siku zote. Lita moja ya maji ni kilo moja. Matangi yale yakijaa ni tani sita, hujaweka meza, jiko wala watu. Na sakafu zetu za kale zenyewe ni nzito: boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa iliyoshindiliwa, hata mita moja ya mraba ikaweza kufika nusu tani. Boriti ndiyo iliyopanga vyumba vya mji ule. Haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba.

Nikamwambia sitii saini nisichokikagua. Akakubali shingo upande, akatoa malipo ya awali, salio likawa la siku ya kukabidhi michoro yenye saini.

Nilianzia chini, anakoishi shangazi yake. Ukuta ulikuwa umepigwa plasta ya saruji, na kila nilipogonga palilia patupu. Jiwe la matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kisha huutoa kwenye hewa; ukiuziba kwa saruji, unyevu hubaki humo humo, ukipanda ukutani. Juu ya chumba hicho palikuwa na choo, na bomba lake lilikuwa likivuja.

Nikapanda ngazi na bisibisi. Katikati ya chumba boriti ilikuwa ngumu, bisibisi haikuacha hata alama. Nikasogea mpaka pale inapoingia ukutani, nikaichomeka tena. Ilizama hadi kwenye mpini. Nilipoichomoa ilitoka na unga wa kahawia, umelowa. Nikajaribu ya jirani, na ya jirani yake. Boriti nne mfululizo, vichwa vyote vimeoza.

Shangazi alikuwa amenishikia ngazi. "Mwanangu, kitanda changu ndicho hicho. Nikihamishe?"

"Leo hii, bibi."

Siku ileile fundi wangu alisimamisha nguzo za mbao chini ya zile boriti, na fedha ya mbao ilitoka mfukoni mwangu.

Ripoti niliiandika wazi: paa halibebi mkahawa wala matangi, bomba litengenezwe, boriti zilizooza zibadilishwe, saruji ibanduliwe na chokaa irudi. Yule bwana alisoma, akasema michoro haipo, kwa hiyo salio halipo. "Nilikuita unitilie saini."

Hapo ndipo kazi yetu inapouma. Jibu la "haifai" linakula siku zilezile na elimu ileile kama jibu la "sawa," lakini mteja haoni kama amenunua kitu. Kijana aliyechora hana wa kumuuliza. Nyumba ikianguka anatafutwa mwenye muhuri. Fundi wangu nilimlipa kwa fedha ya kazi nyingine, na mpaka leo naona ile ilikuwa dhulma.

Aliyeupata ufumbuzi ni shangazi. Nyumba ilikuwa ya mirathi, warithi wengi, hakuna wa kuamua peke yake. Akawaita wote, nami akaniita. Hotuba sikutoa. Niliwapa ile bisibisi, wakapanda ngazi mmoja mmoja. Bwana wa Maskati alipanda wa mwisho, akachomeka mara mbili, akashuka akiipangusa kwa kitambaa.

"Kubadilisha hizi nne ni kiasi gani?"

Basi tukaanza kuzungumza kazi. Matangi yaliwekwa uani, juu ya zege, na pampu ikawa ndiyo ya kupandisha maji. Mkahawa alikwenda kuutafutia mahali pengine. Salio langu lilikuja kwa mafungu, kila mrithi na fungu lake, kwa kukumbushwa na shangazi.

Tangu hapo ada ya ukaguzi naiandika mbali na ada ya michoro, na naichukua yote kabla sijapanda ngazi. Wapo wanaokata simu wakisikia hivyo. Sijaibadilisha.