Nilivyopunguza makosa ya kizembe kwenye sataranji

Kilichonipandisha kiwango kwenye sataranji si ufunguzi mpya niliokariri, ni kuacha kugawa kete bure. Malkia huhesabiwa pointi 9, ngome 5, farasi na askofu 3 kila mmoja. Ukimwachia mpinzani farasi bila kupata chochote, mpango wako wote umeshaharibika.

Kwanza niliachana na michezo ya dakika moja, nikahamia ya dakika 15 yenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Halafu, kila niliposhindwa, niliupitia mchezo mwenyewe kabla ya kuiuliza kompyuta. Hapo nikagundua jambo ambalo sikulitarajia: kwenye hali ngumu nilikuwa nacheza vizuri tu, kwa sababu huko nilikuwa nafikiri. Kete zilipotea kwenye hatua zilizoonekana hazina haja ya kufikiriwa. Mpinzani amekula, nami nakula papo hapo, kumbe ngome niliyoitumia ndiyo iliyokuwa ikimlinda mfalme kwenye mstari wa nyuma. Nyingine zililiwa na kete za mpinzani zinazorudi nyuma. Jicho limezoea kuona mashambulizi yanayokuja mbele, hivyo askofu anayerudi kwa mshazari kutoka pembe ya mbali husahaulika kabisa.

Sasa nikishachagua hatua, naicheza kichwani tu, kisha nautazama ubao kana kwamba zamu ni ya mpinzani. Anaweza kumshambulia mfalme wangu kutoka wapi? Anaweza kula nini? Na kete ninayotaka kuiondoa, ilikuwa inalinda nini? Swali hili la tatu ndilo lililoniokoa zaidi. Yote haya nayafanya kabla mkono haujanyooka, maana kwenye mashindano ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze.

Siachi kujiuliza hata ninapoongoza. Mwaka 2006 mjini Bonn, Vladimir Kramnik, akiwa bingwa wa dunia, alicheza na programu ya Deep Fritz. Katika mchezo wa pili alisogeza malkia wake, na programu ikamuua mfalme wake kwa hatua moja tu iliyofuata.

Muda ukinibana, maswali matatu hayaingii. Hapo nabakiza la mfalme peke yake, kwa kuwa nikipoteza kete bado naweza kupigania sare.