Swali la Jumanne

"Mama, kwani na wewe si unauza kasula? Tofauti yako na hao wabunifu wa mitindo ni ipi?"

Alinirushia hilo kifungua mimba wangu, simu mkononi, amekaa pembeni ya cherehani ninayodarizia kasula, lile vazi la juu la padri wakati wa Misa. Wiki hii mdogo wangu katolewa mahari na Baba karuhusiwa hospitali, lakini mimi nimeshikwa na swali la mtoto.

Mei ikifika picha ile hurudi: mwimbaji Rihanna, New York, 2018, na mitra yenye vito kichwani kwenye sherehe ya Makumbusho ya Metropolitan ya kufungua maonyesho ya mitindo na Ukatoliki. Nilisema tu kwamba kofia ya askofu si ya kuvalia sherehe. Akanijibu, "Vatikani wenyewe walipeleka mavazi kule." Kweli, walipeleka vipande kama 40 kutoka sakristia ya Sistina, chumba cha mavazi ya ibada cha kikanisa cha Papa, na Kardinali Dolan, Askofu Mkuu wa New York wakati huo, alihudhuria. Ndipo akaniuliza la kasula.

Nilinyamaza. Tangu hapo namjibu kila saa, nikikata kitambaa, nikiwa kwenye daladala. Tofauti yako ni ipi? Padri huibusu stola, ule ukanda wa shingoni, kabla ya kuivaa, mwanangu. Kasula humfunika mabega hadi magotini, ili pale altareni tusimwangalie yeye. Zulia jekundu linataka kinyume chake, kila jicho limtazame mvaaji. Na yale ya Vatikani hakuyavaa mtu kule. Yaliwekwa vyumba vyake, mbali na magauni ya wabunifu. Mimi nalipwa kazi ya sindano. Utakatifu siuuzi.

Jana nikatafuta picha za maonyesho yenyewe ili nimwonyeshe, nikakutana na mavazi ya Papa Pio IX, aliyoyaagiza Maria Anna, mke wa Kaisari Ferdinand wa Austria. Wanawake 15 waliyadarizi kwa miaka 16! Nilikuza picha mpaka nikauona uzi wa dhahabu, na hasira yote ikaniisha. Watu zaidi ya milioni 1.6 waliyaona maonyesho yale. Wangapi hawajawahi kuikaribia altare, na kazi ya akina mama wale ikawafikia? Nilifurahi kama niliyepokea barua kutoka kwa dada zangu.

Nikamwita. Akatazama kimya, kisha akauliza mshono ule unaanzwaje. Tukakaa mpaka umeme ukakatika.

Ila Baba hataki dawa za presha, anasema zinamlegeza miguu. Dada kaniambia amezikuta mbili chini ya mto.