Dhahabu iliyogoma kubaki nyekundu

Wiki nzima maabara yetu hapa Mbeya ilinitoa jasho, na baridi yote hii. Natengeneza chembe ndogo mno za dhahabu zinazoelea majini: nachemsha kloridi ya dhahabu na sitrati (itokanayo na asidi ya ndimu), inatoka nyekundu kama juisi ya rozela. Nikiihamishia chupa nyingine, zambarau! Nikalaumu mwinuko, maana huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Wapi! Spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, ndiyo iliyoniumbua: kilele cha ufyonzaji, ambacho huwa kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 520, kilikuwa kimetanuka na kusogea kuelekea 600. Chembe zilikuwa zinashikana. Sitrati huupa uso wa kila chembe chaji hasi, zikasukumana. Chumvi huifunika chaji hiyo, zikashikana. Kumbe chupa zilibaki na chumvi ya jaribio la wenzangu. Nikazisuuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Kilele kikatulia 520.