Labani Alipoongeza Mshahara

Wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi juma hili.

Alhamisi jioni, baada ya maombi hapa Katuba, Lubumbashi, ndugu yetu mmoja alibaki nyuma. Wengine mlikimbia kwa sababu wingu lilikuwa limeshafunga. Yeye alisaidia kupanga viti, kisha akanipa simu yake. "Yaya," aliniita, kama mtu anavyomwita ndugu yake mkubwa, "soma hii."

Ilikuwa barua ya mkubwa wake wa kazi kule Kolwezi, kwenye migodi. Akikubali kuiondoa barua yake ya kuacha kazi, ataongezewa dola 300 kwa mwezi, na cheo juu yake. Jibu linangojewa Jumatatu.

Wengi wenu mnamjua kwa sura tu, na si kosa lenu. Anafanya siku 21 Kolwezi, siku 7 Lubumbashi. Katikati kuna kilomita kama 300 za barabara, ukipitia Likasi. Katika zile siku saba, moja inaliwa na safari, nyingine na usingizi, mbili na misiba na harusi za ukoo. Sisi wenyewe hatumhurumii mtu anayetoka kwenye migodi: akishuka tu, anakuta karatasi ya michango inamsubiri. Mtoto wake wa pili alipoanza kutembea, baba alisikia kwa simu. Sasa amepata kazi hapahapa mjini, kwenye depo ya vipuri, mshahara ukiwa chini kidogo ya ule wa Kolwezi. Akaandika barua, akaanza preavi, zile siku za kazi unazotoa baada ya kuaga.

Mliowahi kupita huko mnajua preavi ilivyo ndefu moyoni. Sheria yetu ya kazi hapa Kongo, ya mwaka 2002, inamtaka mwajiri anayemwondoa mtu ampe siku 14 za kazi, na 7 nyingine kwa kila mwaka kamili aliotumika. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anatoa nusu ya hizo. Ndugu yetu ana miaka sita kazini: kwa mwajiri zingekuwa siku 56, kwake yeye ni 28. Siku 28 za kukaa mezani pamoja na watu uliokwisha kuwaaga. Katika siku hizo ndipo inapokuja pesa ya kumbakisha mtu. Siku ya kumi na moja aliitwa ofisini, akaulizwa swali ambalo kila mtu wa Katanga analijua: "Banakupatia ngapi kule?"

Nilimfungulia Mwanzo 30, kuanzia mstari wa 25.

Yakobo amemtumikia mjomba wake Labani miaka 14. Raheli amemzaa Yusufu, na Yakobo anaomba ruhusa arudi kwao na wake zake na watoto wake. Hiyo ndiyo barua yake ya kuacha kazi. Labani anajibu nini? Kwanza anakiri kwamba ametambua Bwana amembariki kwa ajili ya Yakobo. Halafu, mstari wa 28, anamwambia ataje mshahara wake, naye atalipa.

Hapo nilimsimamisha ndugu yetu, nikamwambia asome tena polepole. Labani alijua. Hakuna mahali tunaposoma kwamba aliwahi kumwambia Yakobo neno hilo kabla mtu hajaanza kufunga mizigo. Wakubwa wengi wa kazi wako hivyo, wala si wabaya wote. Mtu hahesabu maji mpaka robine, bomba la nyumbani, ikauke. Lakini ukisikia sifa zako kwa mara ya kwanza siku uliyoandika barua, jiulize zilikuwa zimewekwa wapi miaka yote hiyo.

Mstari ulionishika kwa miaka ni wa 30. Yakobo anauliza: na nyumba yangu mwenyewe nitaishughulikia lini? Ndilo swali lililomfanya aombe kuondoka. Labani anamjibu kwa kuuliza: nikupe nini? Someni yote mawili pamoja muone kama yanakutana. Mmoja anazungumza juu ya nyumba, mwingine juu ya bei. Na Yakobo, jamani, akalisahau swali lake mwenyewe! Akaanza kupanga habari za mbuzi wenye madoadoa. Akabaki miaka sita tena.

Nilimwuliza ndugu yetu: wewe uliandika barua kwa sababu gani? Akanyamaza, kisha akasema, "Watoto." Na katika barua hii ya mkubwa wako, neno watoto liko wapi? Zile siku 21 zimepungua hata moja? Aliirudia tena simu, akaipitisha kidole juu mpaka chini. Halikuwamo.

Sisemi hivi kama mtu aliyeshinda. Mwaka 2014 na mimi niliandika barua. Nilikuwa kwenye kampuni moja ya malori, na nilichokimbia haikuwa njaa, yalikuwa matusi. Mkubwa wangu alikuwa na tabia ya kunitukana mbele ya madereva, watu wenye umri wa baba yangu, ambao walikuwa wanatazama chini ili nisione kwamba wameona. Nilipoaga, akaniongezea dola 200. Sikumaliza hata saa moja. Nilisema ndiyo, nikatoka nje nikimshukuru Mungu kwa sauti. Mwezi wa tatu matusi yakarudi, sasa yakiwa na utangulizi: "Wewe ambaye tunakulipa vizuri hivi." Kumbe nilikuwa nimeuza haki yangu ya kulalamika. Niliondoka baada ya miezi 14, na ile kazi nyingine ilikuwa imeshapata mtu wake.

Ila niseme ukweli wote. Kwa zile dola 200 nilinunua mabati. Mvua ikianza, kama ilivyoanza Alhamisi ile, ninalala pakavu chini ya mabati ya yule mkubwa wangu, na siwezi kuwaambia kwamba pesa hiyo haikuwa baraka. Yakobo pia alitoka kwa Labani akiwa na mifugo mingi, na katika sura ya 31 anawaambia wake zake kwamba ni Mungu aliyempa. Mtu akikuhubiria kwamba kila nyongeza ya namna hii ni mtego wa shetani, mwambie aende akasome tena. Kama ulichokosa kweli ni mshahara, na hukuwahi kuuomba kwa kinywa chako, na sasa umepewa, kaa ufanye kazi. Mtenda kazi anastahili ujira wake.

Lakini kaa ukiwa na karatasi. Katika mstari wa 34 Labani anakubali kwa maneno. Katika wa 35, siku iyo hiyo, anawatenga wanyama wote wenye madoadoa, anawakabidhi wanawe, kisha kati yake na Yakobo kunawekwa mwendo wa siku tatu. Kabla jua halijatua, mapatano yalikuwa yameshapoteza mbuzi. Kwetu inafanyika kwa njia ya upole zaidi. Unaambiwa umeongezewa 300. Mwisho wa mwezi unakuta 50 ziko kwenye mshahara wa msingi, na 250 zimeandikwa logement na transport. Kwa sheria yetu, pesa ya nyumba na pesa ya usafiri hazihesabiwi kuwa sehemu ya ujira. Siku unapoondoka na kupigiwa hesabu ya mwisho, zile 250 ni kama hazikuwahi kuwapo. Kwa hiyo mdogo wangu, kama utabaki, omba avenant, karatasi ya nyongeza ya mkataba, yenye sahihi, inayosema wazi ni kiasi gani kimeingia kwenye msingi. Yakobo alilia kwamba mshahara wake ulibadilishwa mara kumi. Naona hakuwa na karatasi.

Aliniambia kitu kingine, na hapo nilimwelewa kuliko mahali pote. Mama yake hataki aondoke Kolwezi. Katika mji huu hatuwezi kumcheka mama huyo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipokea pesa ili waondoke, départ volontaire, na kila avenue ya Katuba ina nyumba inayokumbuka. Mwisho wa 2008 bei ya shaba ilipoanguka, kampuni nyingi za Katanga zilifunga milango, na watu waliokuwa wamehama kazi juzi ndio waliotangulia kurudi nyumbani. Mama aliyeyaona hayo, ukimwambia unaacha mahali unapolipwa kila mwezi, hawezi kupiga vigelegele. Msikilize. Nenda ukaulize hao wa depo wanalipa tarehe ngapi, wamekaa miaka mingapi, waliotoka kwao walitoka kwa nini. Imani haikatazi kuuliza maswali hayo.

Kisha akaniomba tufunge siku tatu, "ili Mungu aseme."

Nilisita kidogo. Ninapenda kufunga, mnanijua. Lakini nilimkumbuka Balaamu, Hesabu 22. Wajumbe wa Balaki, mfalme wa Moabu, walikuja kumwita akawalaani Israeli, Mungu akamwambia usiende, akawaaga. Wakaja wengine, wengi zaidi na wenye cheo zaidi, na ahadi ya heshima kubwa. Balaamu akasema maneno matakatifu sana, kwamba hata apewe nyumba ya Balaki imejaa fedha na dhahabu hawezi kulivuka neno la Bwana. Halafu akawaambia: laleni hapa usiku huu, niulize tena. Kwa nini tena? Kilichobadilika kati ya ombi la kwanza na la pili ni ukubwa wa wageni tu. Nikamwuliza ndugu yetu: kabla hujaandika barua, hukuomba? Akasema aliomba miezi miwili, na mkewe pamoja naye, mpaka wakapata amani. Basi tutafunga, nilimwambia, lakini tusijifanye hatujawahi kuuliza.

Jambo la mwisho lilikuwa fupi, nalo lilimwuma. Wale wa depo wamekwisha kupewa neno lake. Amesaini, nao wamewaambia waombaji wengine kwamba nafasi imejaa. Zaburi ya 15 inauliza nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na katika majibu yake imo habari ya mtu ambaye ameapa kwa hasara yake wala habadili. Kwa hasara yake. Kama angekuwa hajawaambia lolote, ningezungumza naye kwa namna nyingine.

Mvua ilipopungua nilimsindikiza mpaka kwake. Mama watoto alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, akatukaribisha, akasikiliza bila kutia neno. Bwana wake alimweleza habari za zile dola 300, tena kwa uzuri kuliko alivyonieleza mimi. Basi la Kolwezi ni Jumapili alfajiri, na lazima aende: kama anabaki kazini, au kama anakwenda kumaliza siku zake na kuchukua vitu vyake kambini. Tiketi ameshalipa. Tumkumbuke katika maombi mpaka Jumatatu.

Nilipokuwa natoka niliona mfuko wa safari umewekwa karibu na mlango. Ni ule mkubwa wa kijani, ambao kwa kawaida anaondoka nao ukiwa umejaa. Mkewe alikuwa ameutoa na kuuweka pale, mtupu.